Jinsi ya kukagua mwenyewe majeraha ya Kennedy kwa kalamu, karatasi na kalkuleta

Ubishi wa Kennedy, yule rais wa Marekani aliyeuawa kwa risasi Dallas mwaka 1963, ukianza popote, iwe kijiweni iwe kwenye grupu la WhatsApp, haipiti muda mtu anatoa kauli ile ile: angalieni video jamani, kichwa kinarudi nyuma na kushoto, sasa kama alipigwa kwa nyuma mbona kichwa kisiende mbele? Hapo watu wanakaa kimya, na anayesema lazima kulikuwa na mtu mbele anaonekana kashinda. Mi nimekaa na hili suala miaka mingi na linaniuma kuona watu wazima wanarushiana maneno kwa kitu ambacho kwa sehemu kubwa fizikia ya sekondari inatosha kukipima. Kwaiyo leo naelekeza namna ya kukipima, kila mtu kwa mkono wake.

Na huyu sio mtu wa mbali kwetu kama vijana wengine wanavyodhani. Hela za familia yake ndo zilisaidia ndege za wanafunzi wa Afrika Mashariki kwenda kusoma Marekani mwaka 1960, ule mpango wa Tom Mboya, na Nyerere alikaribishwa Ikulu ya Washington Julai 1963, miezi minne tu kabla jamaa hajauawa. Wazee wetu habari ya kifo chake waliisikia redioni wakashtuka kweli. Basi tumtendee haki kwa kupiga hesabu.

Unahitaji kalamu, karatasi, kalkuleta ya simu, na fremu za filamu ya Abraham Zapruder, yule mwenye kiwanda cha nguo wa Dallas aliyekuwa amesimama na kamera yake ndogo ya milimita 8 tarehe 22 Novemba 1963. Fremu zote zipo mtandaoni zikiwa na namba. Tahadhari, fremu ya 313 inatisha, ni mtu anakufa pale, kama una roho nyepesi fanya hesabu tu bila kuangalia, majibu hayabadiliki.

Anza kwa kuandika namba zako juu ya karatasi. Bunduki iliyookotwa ghorofa ya sita ya lile jengo la vitabu vya shule lililokuwa nyuma ya gari, Texas School Book Depository, ni Mannlicher-Carcano ya Kiitaliano ya milimita 6.5. Risasi yake ina uzito wa kama gramu 10.4, ni risasi ya kijeshi, yaani madini ya risasi (lead) ndani na koti la shaba nje, na hilo koti likumbuke maana tutalirudia. Ikitoka mtutuni ina spidi ya kama mita 660 kwa sekunde. Kutoka dirishani mpaka kichwani kwa Kennedy kwenye fremu ya 313 ni kama mita 81, na ikifika hapo imeshapungua mpaka kama 550. Kamera ilikuwa inapiga fremu 18.3 kwa sekunde, kwaiyo kutoka fremu moja hadi nyingine ni sekunde 0.055. Basi, hizo zinatosha kuanzia.

Sasa kitu ambacho sinema zimetuharibia kabisa. Kwenye sinema mtu akipigwa risasi anarushwa, anapasua kioo, anaangukia kule. Haipo hiyo. Kinachosukuma ni momentamu, yaani uzito mara spidi, na hapa chukua kalkuleta: kilo 0.0104 mara 550 unapata kama 5.7. Momentamu haipotei, inagawanywa tu, kwaiyo ukitaka kujua kitu kilichopigwa kitaenda kwa spidi gani unagawa hiyo 5.7 kwa uzito wake. Mtu mzima wa kilo 75 unapata 0.076, maana'ake sentimita 7 na kitu kwa sekunde, konda akikugusa bega kwenye daladala unasogea zaidi ya hapo. Sehemu ya juu ya mwili peke yake, tuseme kilo 30, unapata sentimita 19 kwa sekunde. Na hesabu hii haijali risasi imetoka mbele au nyuma, namba ni ile ile. Kwaiyo yule anayesema mwili ulitupwa nyuma na nguvu ya risasi ya mbele, mwambie apige hiyo hesabu kwanza, maana risasi ya bunduki ya aina hii kutoka mbele nayo haina ubavu wa kumtupa mtu. Hili jambo Larry Sturdivan, mtaalamu wa risasi na majeraha, aliwaeleza kamati ya Bunge la Marekani mwaka 1978.

Kichwa chenyewe lakini ni chepesi, tuseme kilo 5, na kwenye sehemu ndogo ya sekunde shingo bado haijawahi kuvuta kiwiliwili. 5.7 gawa kwa 5 ni kama mita 1.1 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.055 na unapata sentimita 6 hivi kwa fremu moja. Hapo ndo fungua fremu ya 312 na ya 313 uziweke pamoja. Watu waliozipima tangu miaka ya 60 waliona kichwa kati ya hizo fremu mbili kinaenda MBELE, kama sentimita 5 au 6 hivi, kabla hakijaanza kurudi kuanzia 314. Mbele kwanza, nyuma baadae. Watu wengi waliobishana na mimi walikuwa hawajawahi kuona hiyo hatua ya kwanza kwa sababu video ikichezwa kwa spidi ya kawaida jicho haliikamati.

Nitasema na upande wa pili maana ni haki yake. Wapo wanaosema sehemu ya hiyo sentimita 5 ni ukungu tu wa kamera kutikisika, na kweli ukiiangalia 313 picha imevutika. Josiah Thompson, mmoja wa waliopima mwanzo kabisa, baadae mwenyewe alirudi akakataa kipimo chake kwa sababu hiyo hiyo. Pia risasi haikubaki yote kichwani, vipande viwili vikubwa viliokotwa mbele ndani ya gari, kwaiyo sio 5.7 yote iliyoachwa kichwani. Hii hesabu usiitumie kama nyundo, inakuonyesha ukubwa wa kitu unachotafuta, sentimita chache na sio mita.

Sasa kwanini kinarudi nyuma? Chukua puto, lipulize, liachie bila kulifunga. Hewa inatoka huku, puto linakimbilia kule. Kwenye 313 kuna vitu vingi vinatoka kichwani kwenda mbele na juu, na kila kinachotoka kwenda mbele kinasukuma kilichobaki kurudi nyuma. Swali ni kama kinatosha. Piga hesabu ya mfano, tuseme nusu kilo imetoka kwenda mbele kwa mita 15 kwa sekunde: 0.5 mara 15 ni 7.5, imeshaizidi ile 5.7 ya risasi. Mtu atakuuliza, inakuwaje kinachotoka kimzidi kilichoingia, si ni kuzalisha kitu kutoka hewani? Hapana, na hapa ndo watu wengi wanateleza hata waliosoma. Momentamu ni jambo moja na nishati ni jambo lingine. Nishati ya risasi ni nusu ya uzito mara spidi mara spidi tena, kwaiyo 0.5 mara 0.0104 mara 550 mara 550, kama jouli 1,570. Nishati ya ile nusu kilo inayotoka ni 0.5 mara 0.5 mara 15 mara 15, jouli 56 tu! Yaani risasi inatumia sehemu ndogo sana ya nishati yake kurusha kitu kizito polepole, na kwa nishati ile ile kitu kizito kinachoenda polepole kinabeba momentamu nyingi kuliko kitu chepesi kinachokimbia. Mi siku niliyoelewa hiki nilikaa nikarudia hesabu mara tatu.

Aliyelileta wazo hili ni Luis Alvarez, mshindi wa Nobel ya fizikia ya 1968, akaliandika kwenye jarida la fizikia la Marekani mwaka 1976 baada ya yeye na wenzake kupiga risasi matikiti yaliyozungushiwa selotepu ya nyuzi, na matikiti yakarudi kuelekea kwa mpigaji. Ila usiwe mvivu ukamchukua tu kwa sababu ana Nobel. Risasi alizotumia zilikuwa za kuwindia zenye ncha laini na spidi kubwa kuliko ya Carcano, na tikiti sio fuvu, wakosoaji wake walilisema hilo na wana hoja. Wengine wanasema kilichomrudisha nyuma zaidi ni misuli, ubongo ukiharibiwa ghafla misuli yote ya mwili inakaza kwa pamoja na ile ya mgongo ina nguvu zaidi, ndo maelezo ya Sturdivan. Mi naona vyote viwili vinaweza kuwa kazini, kichwa kianze kwa kurushwa na kinachotoka, kiwiliwili kifuate kwa misuli. Hoja yangu ni kwamba kurudi nyuma peke yake hakukwambii risasi imetoka wapi. Kukwambia kunahitaji mfupa.

Mfupa ndo shahidi ambaye mi namwamini kuliko video, kuliko mashahidi wa barabarani, kuliko wote. Wale tuliokua na manati tunajua, kijiwe kidogo kikipiga kioo cha dirisha bila kukivunja chote kinaacha tundu dogo upande kilipoingilia na upande wa pili panakuwa pana, kama faneli. Nenda kaangalie kioo chochote kilichopigwa hivo, pitisha kidole, utajua kijiwe kimetoka nje au ndani hata kama hukuwepo. Fuvu ni hivo hivo, lina tabaka la nje na la ndani, risasi ikiingia inatoboa kwa nje padogo na kumega kwa ndani, ikitoka inamega kwa nje. Madaktari wa maiti duniani kote wanatumia hii. Sasa kwenye uchunguzi wa usiku ule pale hospitali ya jeshi la majini Bethesda, daktari Humes na wenzake waliandika tundu nyuma ya kichwa la milimita 15 kwa 6, limemegeka kwa ndani. Maana'ake limeingia kwa nyuma. Na umbo lake la yai linaonyesha risasi imekuja kwa mshazari.

Ubishi upo pia, na ni mzito kuliko ule wa nyuma na kushoto. Mwaka 1968 jopo la madaktari lililopitia picha na eksirei lilisema lile tundu lipo kama sentimita 10 juu zaidi ya pale Humes alipopaandika. Sentimita 10 kwenye kichwa cha mtu! Hilo ni kosa kubwa na kila mmoja ana haki ya kuuliza. Ila jopo lenyewe nalo lilisema ni nyuma. Kwaiyo ukikagua tenganisha maswali mawili, tundu liko wapi hasa, na tundu linaelekea wapi. La kwanza limevurugwa, la pili halijavurugwa kiasi hicho.

Twende kwenye ile inayoitwa risasi ya ajabu, yaani risasi moja inayosemekana ilipita kwa Kennedy ikampiga na Gavana wa Texas aliyekaa mbele yake. Hapa chora. Chora gari kwa juu, Kennedy kiti cha nyuma kulia, mbele yake Gavana John Connally kwenye kiti cha kukunja. Wanaokataa huwa wanachora Connally mbele ya Kennedy sawasawa na kwa urefu ule ule, afu wanaonyesha risasi ikikata kona hewani. Ukichora hivo ni kweli itakata kona, kwa sababu umechora vibaya. Kile kiti cha kukunja kilikuwa kimeingia ndani kama sentimita 6 kutoka mlangoni na kilikuwa chini kuliko cha Kennedy, na Connally alikuwa amegeuka kulia. Rudia mchoro kwa vipimo hivyo, afu vuta mstari kutoka juu nyuma kulia ukishuka kama digrii 18, upite mgongo wa juu wa Kennedy utokee kooni, uone unamkuta wapi Connally. Kwapa la kulia, mgongoni. Ndipo alipopigwa kweli, ikatokea chini ya chuchu ya kulia, ikavunja mfupa wa kifundo cha mkono, ikaishia paja la kushoto.

Jeraha la mgongoni kwa Connally lina kitu kizuri cha kukagua. Lilikuwa refu, kama sentimita 1.5, wakati lile la mgongoni kwa Kennedy lilikuwa milimita 7 kwa 4. Risasi inayokwenda sawa inaacha tundu dogo la mviringo, iliyoanza kuyumba baada ya kupita kitu kingine inaingia kiubavu na kuacha tundu refu. Kwangu hiyo ni dalili nzito kwamba ilishapita kwa mtu mwingine kwanza.

Wanasema risasi yenyewe, ile iliyookotwa kwenye kitanda cha wagonjwa pale Parkland, hospitali ya Dallas walikopelekwa, ilikuwa mpya kabisa. Sio mpya. Ukiiangalia kwa ubavu inadanganya, iangalie kwa kitakoni, imebonyea, na yale madini ya risasi ya ndani yamejitokeza. Ilikuwa na gramu 10.28, imepoteza kidogo sana. Kwanini isiharibike zaidi na imevunja mifupa? Rudi kwenye nishati, spidi mara spidi. Risasi ikipungua spidi ikawa nusu, nishati iliyobaki ni robo. Risasi hii ilipita nyama ya shingo, ikaparuza ubavu, ikapungua, ndo ikafika kwenye mfupa wa mkono ikiwa imechoka na imelala kiubavu, na lile koti la shaba likaishika. Iliyopiga kichwa ilikuta fuvu kwa spidi yote, ikasambaratika. Bunduki moja, risasi za aina moja, matokeo mawili kwa sababu ya spidi. Kuhusu nani aliiweka pale kitandani na kama mnyororo wa ushahidi ulishikwa vizuri, hiyo fizikia haikujibu, ni kazi ya wanasheria.

Muda nao upime. FBI walipata kuivuta ile bunduki na kufyatua tena kunataka sekunde 2.3 angalau, zidisha kwa 18.3 unapata fremu 42. Mti ulikuwa unamziba Kennedy asionekane kutoka dirishani mpaka fremu ya 210 hivi, na kufikia 240 Connally alionekana kashapigwa, fremu 30 ni sekunde 1.6. Haitoshi risasi mbili za bunduki ile. Kwaiyo ama risasi moja imepita wote, ama kulikuwa na mpigaji wa pili, na hapa ndo mzizi wa ubishi wote, sio kwenye kichwa. Nenda fremu ya 223 na 224 uangalie koti la Connally upande wa kulia, linapepea ghafla, na Kennedy akitokea nyuma ya kile kibao cha barabarani kwenye 225 mikono inaanza kwenda kooni. Mi naona ni tukio moja. Connally mwenyewe mpaka anakufa alishikilia kwamba alipigwa na risasi nyingine, na simdharau, ila mtu aliyepigwa hawezi kuwa saa ya kupimia sehemu za sekunde.

Jeraha la kooni, daktari Malcolm Perry wa Parkland aliwaambia waandishi siku ile ile kwamba linaonekana la kuingilia, lilikuwa dogo na safi. Ila alishapasua hapo hapo kuweka bomba la kupumulia, na ngozi ikibanwa na kola na tai, risasi inayotoka haina nafasi ya kuichana, inaacha tundu dogo. Kwa ngozi peke yake huwezi kuamua, ndo maana nikasema mfupa kwanza.

Sauti, kwa wale wanaotegemea mashahidi waliosikia mlio kutoka kilimani, kile kilima kidogo cha nyasi kilichokuwa mbele kulia kwa gari. Risasi inafika mita 81 kwa kama sekunde 0.13, sauti inahitaji karibu 0.24. Kwaiyo uliye pale chini unasikia kwanza mpasuko wa risasi yenyewe ikipita, maana ina spidi kuliko sauti, na mpasuko huo hautoki kwenye bunduki, unatoka hewani inapopita, afu ndo mlio wa bunduki, afu mwangwi wa majengo na lile daraja la reli. Usitumie masikio ya watu kama dira hapo. Hata kamati ya Bunge iliponzwa na sauti, 1979 walisema risasi zilizompata zote zimetoka nyuma lakini pengine kulikuwa na njama, kwa sababu ya rekodi ya redio ya polisi, na 1982 jopo la Chuo cha Taifa cha Sayansi likaonyesha zile sauti zilirekodiwa kama dakika moja baada ya mauaji.

Ukimaliza andika pembeni vitu ambavyo karatasi yako haijagusa. Madaktari kadhaa wa Parkland walisema shimo kubwa lilikuwa nyuma ya kichwa, picha za Bethesda zinaonyesha kulia na mbele zaidi. Na ubongo, ambao ungekatwa vipande ungeonyesha njia ya risasi hatua kwa hatua, haukukatwa, na mwaka 1966 ilipokaguliwa hifadhi ya nyaraka ya taifa ulikuwa haupo. Mpaka leo haujapatikana.